Mikunjo ya eliptiki: uanze na kitabu gani kati ya Silverman–Tate, Washington, Koblitz, Milne na wengine

Mtu kamaliza aljebra ya chuo, grupu anazijua, ringi anazijua kiasi, kasikia kwamba Wiles alimaliza swali la Fermat (kwamba xⁿ + yⁿ = zⁿ haina jibu la namba nzima chanya n ikizidi 2) mwaka 1995 kwa njia ya mikunjo ya eliptiki, sasa na yeye anataka aingie humo. Anagugo, anakuta vitabu kumi na vyote vinajiita utangulizi. Anachukua kile kinachosifiwa kuliko vyote, anakuta sura mbili za kwanza ni geometria ya aljebra tupu, mkunjo wenyewe haujaonekana bado, anakifunga na kusema hii kitu si ya watu kama mimi. Si kweli. Kaingilia mlango wa watu wa masta tu, milango mingine ipo, na hapa nataka tuipime mmoja mmoja ujue wa kwako ni upi.

Kwanza kwa ufupi tunaongelea nini. Mkunjo wa eliptiki ni mlinganyo wa y² = x³ + ax + b, sharti tu upande wa kulia usiwe na mzizi unaojirudia. Unatafuta nukta ambazo x na y zote ni namba nzima au sehemu, kama -4 au 41/12, za mizizi ya mbili hatuzitaki. Utamu uko hapa: nukta hizo zinajumlishika. Pitisha mstari kwenye P na Q, utakata mkunjo mahali pa tatu, hiyo nukta ya tatu igeuze juu chini kuvuka mhimili wa x, ndo P + Q hiyo. Ukitaka P + P unachora tanjenti.

Tufanye moja kabisa, maana vitabu vyenyewe nitavipima kwa hili. Swali: kuna pembetatu mraba ambayo pande zake zote ni sehemu na eneo lake ni 5? Maswali ya aina hii yapo kwenye maandishi ya Kiarabu ya karne ya 10, na hili la 5 Fibonacci alilijibu mwaka 1225. Mkunjo wake ni y² = x³ − 25x, hiyo 25 ni eneo 5 kipeo cha pili. Weka x = −4 unapata −64 + 100 = 36, kwa hiyo y = 6, tayari una nukta. Mteremko wa tanjenti hapo ni (3×16 − 25) gawanya kwa 12, yaani 23/12. x ya nukta mpya ni (23/12)² + 8 = 1681/144, na hiyo ni 41/12 kipeo cha pili. Toa 5 unapata 961/144 ambayo ni (31/12)², ongeza 5 unapata 2401/144 ambayo ni (49/12)². Sasa 49/12 jumlisha 31/12 ni 20/3, 49/12 toa 31/12 ni 3/2. Pembetatu yako hiyo: 3/2, 20/3 na upande mrefu 41/6. Zidisha 3/2 kwa 20/3 ugawe kwa mbili, 5.

Kama umeifuata hiyo kwa kalamu bila kukwama, mengi ya hivi vitabu yanakuhusu, kilichobaki ni kujua kipi kinakudai nini.

Na kipimo changu cha kila kitabu ni kimoja: kinathibitishaje kwamba (P + Q) + R ni sawa na P + (Q + R)? Kwamba P + Q ni sawa na Q + P mtoto wa sekondari anaona, mstari ni uleule. Lakini hiyo ya nukta tatu ni ngumu kweli, na namna mwandishi anavyoivuka inakuambia kitabu kizima kitakuwaje.

Silverman na Tate, Rational Points on Elliptic Curves. Asili yake ni mihadhara aliyotoa John Tate mwaka 1961 pale Haverford, chuo kidogo cha Pennsylvania, notsi zikazunguka mikononi mwa watu miaka na miaka mpaka Joseph Silverman akashirikiana naye kikatoka kitabu mwaka 1992, toleo la pili 2015. Huo uhadhara unausikia kwenye lugha yake, anaongea na wewe, anakuambia hapa ni hesabu ndefu ifanye mwenyewe nyumbani. Ile ya nukta tatu anaivuka kwa picha: mikunjo miwili ya digrii ya tatu inakatana nukta tisa, na mkunjo wa tatu ukipita kwenye nane basi lazima upite na kwenye ya tisa. Unachora, unaona, unaamini, na mwishoni kuna nyongeza ya geometria ya projektivu (ile inayoongeza nukta za mbali kusiko na mwisho) kwa anayetaka uthibitisho kamili.

Kinachodaiwa kwako ni kidogo: grupu za mwanzo, kalkulasi, kidogo kuhusu baki za kugawanya. Theoremu kubwa ni ya Mordell ya 1922, kwamba nukta zote za sehemu kwenye mkunjo, hata ziwe nyingi bila mwisho, zinazaliwa na nukta chache tu kwa kujumlisha na kutoa. Hapa lakini ujue kuna kitu wamekikwepa makusudi, wanaithibitisha kwa mikunjo yenye angalau nukta moja ya sehemu ambayo y yake ni 0, ili wasiingie kwenye nadharia ya namba za aljebra. Mkunjo wetu wa 5 unazo tatu za hivyo, (0,0), (5,0) na (−5,0), kwa hiyo njia yao inafanya kazi moja kwa moja na unaweza kukaa na karatasi ukahesabu ranki yake (idadi ya nukta za kuzalia zile zisizo na mwisho) mwenyewe. Mimi hiki ndo ningempa mtu yeyote wa mwaka wa pili au wa tatu, bila kufikiri mara mbili. Kasoro yake ni kwamba fomu za modula (fankisheni za namba changamano zenye ulinganifu mwingi, nguzo ya kazi ya Wiles) karibu hazipo, toleo la 2015 limeongeza kriptografia na maelezo mafupi ya Fermat ila ni kuonjesha tu. Pia theoremu ya Hasse kuhusu idadi ya nukta kwenye fildi zenye kikomo (mifumo yenye namba chache tu, kama baki za kugawanya kwa 7) wanaitaja tu, wanachothibitisha ni kisa kimoja maalum cha Gauss. Alafu sura ya tano ya nukta za namba nzima ni ngumu kuliko zote zilizoizunguka, sasa wengi wanafika pale wanaganda wanadhani wameshindwa kitabu. Iruke, nenda ya sita, utairudia.

Lawrence Washington, Elliptic Curves: Number Theory and Cryptography, 2003, toleo la pili 2008. Huyu anataka fomula. Sura ya pili anakupa fomula zote za kujumlisha, mifano ya namba ndogo ndogo, ndo baadaye anatenga sehemu nzima kuthibitisha ile ya nukta tatu kwa mistari na projektivu, ndefu, na hakuna dhambi ukiipita mara ya kwanza. Utamaduni wake ni huo kitabu chote, tumia kwanza uthibitisho utakuja: Weil pairing (kanuni inayochukua nukta mbili na kukupa namba moja) inatumika kuanzia sura ya tatu lakini uthibitisho wake kamili unakuja sura ya kumi na moja. Kuna watu hii inawakera sana. Kuna watu, hasa waliotoka upande wa kompyuta, ndo wanavyotaka.

Theoremu ya Hasse Washington anaithibitisha kabisa, sura ya nne, pamoja na algorithimu ya Schoof ya kuhesabu nukta. Ukifanya kazi za usalama wa mitandao na unataka kujua ile Curve25519 iliyo ndani ya Signal na WhatsApp, au ule mkunjo wa Bitcoin, y² = x³ + 7, inafanya nini hasa, nenda hapa, Silverman–Tate atakuchelewesha. Ila picha ya jiometri utaikosa, na mtu akisoma Washington peke yake mara nyingi anaweza kuhesabu P + Q usingizini lakini ukimuuliza kwa nini nukta ya infiniti (ile inayosimama kama sifuri kwenye kujumlisha) iko pale juu anababaika. Toleo la pili lina sura kumi na tano, usijaribu zote. Soma nne za kwanza, kisha ya nane kama unapenda namba au ya tano na sita kama unapenda siri.

Neal Koblitz, Introduction to Elliptic Curves and Modular Forms, 1984, toleo la pili 1993. Hiki ndo nakipenda kuliko vyote na ndo nisichomshauri mtu aanze nacho. Kitabu kizima ni swali moja tu, lile la pembetatu: namba gani zinaweza kuwa eneo la pembetatu mraba yenye pande za sehemu? Kinaanzia hapo na kinaishia kwa jibu la Jerrold Tunnell la 1983. Na jibu lenyewe ni la ajabu, tazama. Chukua n ya witiri isiyogawanyika kwa kipeo cha pili cha namba yoyote zaidi ya 1. Hesabu njia ngapi za kuandika n = 2x² + y² + 8z² kwa namba nzima, alafu njia ngapi za n = 2x² + y² + 32z². Kama n ni eneo la pembetatu basi idadi ya kwanza lazima iwe mara mbili ya ile ya pili. Kwa n = 1 njia ni mbili huku na mbili kule, y = 1 au −1 na nyingine sifuri, mbili si mara mbili ya mbili, kwa hiyo 1 haiwezi, Fermat alishasema. Kwa n = 3 ni nne na nne, haiwezi. Kwa n = 5 ni sifuri na sifuri, na sifuri ni mara mbili ya sifuri, inapita, na pembetatu yake tumeshaiona pale juu. Kwenda upande wa pili, yaani ukishapita kipimo basi pembetatu ipo kweli, hapo panategemea dhana ya Birch na Swinnerton-Dyer (inayosema jinsi ya kujua kama mkunjo una nukta zisizo na mwisho) ambayo haijathibitishwa mpaka leo na taasisi ya hesabu ya Clay iliiwekea dola milioni 1 mwaka 2000.

Sasa bei ya utamu huo. Koblitz anaingia kwa namba changamano, mkunjo kwake ni ndege ya namba changamano iliyokunjwa kwa latisi (gridi ya nukta) ikawa kama andazi la tundu, na ile ya nukta tatu haina kazi yoyote kwa sababu kujumlisha nukta ni kujumlisha namba changamano za kawaida. Inapendeza mno, uthibitisho wa mstari mmoja. Lakini lazima ujue analisisi ya namba changamano vizuri, poli, masalia, fankisheni za mero, na si ile ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Sura ya nne, ya fomu za uzito wa nusu, hiyo hata watu wa masta wanaisoma kwa kuruka ruka. Alafu watu wanamjua Koblitz kwa kriptografia wanafungua hiki wakiitafuta, hamna, yeye na Victor Miller walileta wazo hilo kila mtu kivyake mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya kitabu.

J. S. Milne, Elliptic Curves. Faida ya kwanza ni kwamba toleo la 2006 liko bure kwenye tovuti yake, PDF halali kabisa, hamna haja ya kuzungukia kule kwenye masaiti ya ajabu. Kwa sisi ambao kitabu kimoja cha Springer na usafiri wake kinaweza kula hela ya mwezi hilo si jambo dogo. Ndani ya kurasa mia mbili na kitu anakutoa kwenye mlinganyo anakufikisha mpaka Fermat. Lakini ndo hivyo, ukiona mtu anafika mbali kwa kurasa chache ujue anakimbia. Ile ya nukta tatu anaitoa pia kwa Riemann–Roch (theoremu nzito ya kuhesabu fankisheni zilizopo kwenye mkunjo), na theoremu ya Mordell anaipitishia kohomolojia ya grupu. Ukija hapa baada ya Silverman–Tate utakishukuru, vitu ulivyoviona kwa mkono unaviona sasa vina majina na sababu. Ukianza nacho utahisi kila sentensi inakudai nusu siku.

Cha bure kingine, na huyu kwa wengi ni bora kuliko Milne kwa kuanzia, ni notsi za Andrew Sutherland za MIT, kozi namba 18.783, zipo OpenCourseWare, tovuti ya MIT ya kozi za bure, pamoja na maswali yake. Hizi ziko katikati ya Washington na Milne: algorithimu nyingi, fildi zenye kikomo mapema, lakini uthibitisho haufichwi, na mwisho anakupitisha kwenye muhtasari wa Fermat. Kila mhadhara ni faili lake, unashusha moja moja bando linatosha. Mwendo wake ni wa wanafunzi wa MIT lakini, wiki yao moja wewe ipe tatu na usijione mjinga.

Silverman peke yake, The Arithmetic of Elliptic Curves, 1986, toleo la pili 2009. Ndo kile nilichosema mwanzo kinachosifiwa na kuvunja watu moyo. Sifa zake ni za kweli, kila mtu wa fani hii kitamfikia siku moja. Sura mbili za kwanza ni geometria ya aljebra, mkunjo unaanza sura ya tatu, na ile ya nukta tatu inatoka kwa kulinganisha nukta na madaraja ya madivaiza (orodha za nukta, kila moja na namba yake). Usichanganye na Silverman–Tate, jina la mwandishi ni lilelile, rangi ya njano ileile, na nimeona watu wanapendekezewa kimoja wanashusha kingine. Kama kichwani una Milne au Silverman–Tate tayari, basi karibu. Kama huna, kaa nacho kama kamusi.

Kwa asiye na aljebra kabisa, mwalimu wa sekondari kwa mfano, au fom siksi anayependa namba, kuna Avner Ash na Robert Gross, Elliptic Tales, 2012. Kinakupeleka hatua kwa hatua kuelekea ile dhana ya Birch na Swinnerton-Dyer kwa kalkulasi ya kawaida na uvumilivu. Hakithibitishi kila kitu na wala hakijifanyi kwamba kinathibitisha. Ila ukikimaliza bado hujajifunza kufanya, umejifunza kuelewa wanaofanya, tofauti uijue mapema.

Cassels, Lectures on Elliptic Curves, 1991, nakitaja tu kwa sababu kuna atakayeniuliza. Kifupi, kitamu, kinaanza na namba za p-adiki (ambazo ukaribu wake hupimwa kwa kugawanyika kwa p), na mwandishi hana muda wa kukubembeleza. Kizuri kama kitabu cha pili. Na wale wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura waliosoma hesabu kwa Kifaransa, Marc Hindry ana Arithmétique ya 2008, kina sura nzima ya mikunjo ya eliptiki baada ya kukupitisha kwenye misingi ya nadharia ya namba, kwa hiyo unaweza ukaokoa na kitabu kingine humo humo.

Sasa ukinibana nichague. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza: Silverman–Tate sura ya kwanza mpaka ya nne, pembeni notsi za Sutherland kwa ajili ya mazoezi. Mtu wa IT: Washington, na akikwama kwenye picha asome sura ya kwanza tu ya Silverman–Tate. Mtu mwenye analisisi nzuri ya namba changamano na anayetaka hadithi yenye mwanzo na mwisho: Koblitz, sura tatu. Mtu wa masta asiye na hela: Milne. Washington na Koblitz kwa pamoja mwanzoni sishauri, mmoja yuko fildi zenye kikomo mwingine yuko namba changamano, utajikuta unasoma masomo mawili tofauti yenye mlinganyo mmoja.

Na chochote utakachochagua, fungua SageMathCell, programu ya hesabu ya bure, kwenye brauza, haihitaji kuinstoo kitu, hata kwenye simu inaenda. Andika E = EllipticCurve([-25,0]), mstari unaofuata P = E(-4,6), kisha print(2*P). Itakuletea 1681/144 tuliyoihesabu kwa mkono, na y yake −62279/1728. Andika print(E.rank()) itakujibu 1, yaani ukiacha zile tatu za y = 0 na ile ya infiniti, nukta zingine zote za mkunjo huu, na hazina mwisho, zinatokana na nukta moja pamoja na hizo tatu. Jaribu 3*P na 4*P uone namba zinavyovimba. Kisha weka -36 badala ya -25 na nukta iwe P = E(-3,9), hiyo ni pembetatu ya eneo 6, na kabla ya kubonyeza tafuta pande zake kichwani, unazijua tangu sekondari.